Vidonge kwa Jina la Somo Yangu

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cheupe. Nakitaja kiti kwanza kwa sababu kwa zaidi ya mwaka mmoja sikukaa juu ya kitu cheupe, wala cha kitambaa, wala sikuinuka mbele ya watu bila kugeuka nyuma kutazama nilipokuwa nimekaa. Kama na wewe unageuka nyuma, basi haya ni yako. Kama umeingia duka la dawa na karatasi ya daktari ukatoka na karatasi ile ile, haya ni yako zaidi.

Sitaueleza ugonjwa wenyewe kama daktari. Nilikuwa na vivimbe kwenye mji wa mimba, na vivimbe hivyo vilinitoa damu. Ilianza mwaka wa mwisho chuoni, siku tano zikawa tisa, tisa zikawa kumi na sita, mpaka nikaacha kuziita siku zangu kwa sababu siku zisizo zangu ndizo zilizokuwa chache. Nilidhani ni mawazo ya mitihani. Mimi ni mtu wa kufikiri jambo mpaka lenyewe linachoka, kwa hiyo nilikuwa na maelezo kumi na moja ya kwa nini sihitaji kwenda hospitali, na yote yalikuwa na mantiki.

Nilihitimu, nikarudi nyumbani Bagamoyo kusubiri kazi. Vuli ile niliitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Wasaili walikuwa watatu, kiti kilikuwa cha kitambaa cha buluu. Waliponiambia asante, sikuinuka. Wakaniambia asante tena. Nikawauliza swali kuhusu mpango wa ofisi yao wa miaka mitano, ilimradi niendelee kukaa. Mmoja akaanza kujibu, nami nikamwona anazidi kuwa mbali na mdogo. Nilipojaribu kusimama nilianguka. Sikuipata kazi, na kiti kile bado nakiota.

Kipindi cha joto la kaskazi nilikuwa wodini naongezewa damu. Kaka yangu Hamisi, fundi umeme, ndiye aliyejitolea. Alikuja na soda mkononi na plasta kwenye kiwiko, akaitazama chupa iliyoning'inia.

"Damu yangu hiyo, Rukia. Itumie kwa adabu."

Nilicheka. Baadaye nililala nikijiuliza kwa nini alisema kwa adabu.

Daktari wangu alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kurudia maneno. Alinikalisha akaniambia: "Kipimo cha damu yako ni sita, sikupasui hivyo. Utameza vidonge hivi miezi mitatu. Vitazuia kutoka damu. Ikipanda mpaka kumi, nitatoa vivimbe na kizazi kitabaki. Ukiendelea kumwaga hivi, siku moja utaletwa hapa umebebwa, na siku hiyo hatutakuwa na nafasi ya kuchagua kibaki nini." Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilielewa vizuri kilichokuwa kinapimwa.

Vidonge alivyoandika ni vile vinavyoitwa vya majira, vya wanawake wanaopanga uzazi. Aliandika pia sababu, kwa herufi kubwa: KUZUIA DAMU. Dirisha la dawa la hospitali halikuwa navyo wiki ile. Wakaniambia ninunue nje, au niende chumba cha uzazi wa mpango, huko vinatolewa bure. Nilikwenda. Kwenye benchi la mlangoni alikaa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nikampa shikamoo, nikajifanya natafuta choo, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Hilo ni kosa langu mwenyewe, na nakuambia mapema usilirudie. Aibu ya dakika kumi ingeniokolea wiki nyingi.

Basi nilikwenda kwa Mjomba Sefu.

Si mjomba wa damu. Ni rafiki wa marehemu baba, mfamasia aliyesomea, mwenye duka karibu na msikiti, pale mtaani kwetu mji mkongwe. Tangu nikiwa mdogo dawa ya kikohozi ninapewa na yeye. Nilingoja wateja waishe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda wewe. Mama hajambo?"

Nikampa karatasi. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akanirudishia taratibu kama mtu anayerudisha posa.

"Hivi nauza kwa wenye ndoa zao, Rukia."

"Mjomba, ni vya kuzuia damu. Imeandikwa hapo."

"Nimeona ilivyoandikwa. Na najua vinazuia nini kingine." Alishusha sauti, ingawa duka lilikuwa tupu. "Baba yako nilimteremsha kaburini kwa mikono hii. Siku nikikutana naye nimwambie nini? Kwamba binti yako mimi ndiye niliyemfungulia mlango?"

"Daktari ndiye aliyeandika. Dhambi, kama ipo, si yake?"

"Daktari hatalala nami kaburini. Kila mtu ataulizwa lake."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Aliingia ndani, akarudi na vidonge vyekundu vya kuongeza damu, akavitia kwenye kifuko cha nailoni, akakataa malipo. "Meza hivi. Na unywe rosela." Nilitoka nimekishika kifuko, na njiani nikatambua kwamba vidonge vyekundu vile vile ndivyo wanavyopewa wajawazito kliniki, na kifuko kilikuwa kinaonyesha. Nikaanza kufikiri. Kwa nini hakutumia bahasha ya khaki kama siku zote? Je, alitaka nionekane? Atamwambia nani wa kwanza, imamu au mama? Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshamhukumu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kiwangwa. Niliichagua kwa sababu ni bara, watu wana mashamba yao, hakuna anayenijua. Dukani nilimkuta mdada wa umri wangu, kucha za rangi, tabasamu mpaka masikioni. Nikajisema, huyu ataelewa. Aliisoma karatasi yangu polepole, ikiwa na majina yangu yote matatu juu.

"Jamani, pole dada. Vimeisha jana tu."

Nyuma ya bega lake, kwenye rafu ya pili, niliviona. Paketi nne.

"Na vile?"

Hakugeuka kutazama. "Vile vina mwenyewe. Pole sana, mpenzi."

Ili safari ipate sababu nilinunua mananasi matatu. Jioni mama aliyakata, akala kipande kimoja, kisha akasema: "Mananasi ya Kiwangwa matamu. Ulikwenda kununua nini kingine?"

"Hakuna, mama."

"Haya."

Kama ungeisikia ile haya, na wewe usingelala.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Mama hakuwahi kuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa hata vyombo aliviosha kama anayesikiliza. Na mimi mwili wangu ulikuwa shahidi mbaya. Vidonge vyekundu vilinipa kichefuchefu kila asubuhi. Vivimbe vilinitoa tumbo, dogo lakini gumu, juu ya mwili uliokonda. Kisha ikaja tamaa ya udongo. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa napita sokoni kwa mwanamke anayeuza udongo wa kula, na mate yakanijaa kama mtu aliyesikia harufu ya biriani. Nilificha vipande ndani ya soksi, nikavitafuna nimejifunika shuka. Baadaye daktari aliniambia upungufu wa damu huleta hayo. Lakini kwetu, msichana anayetapika asubuhi, akatoka tumbo, akala udongo, nani anauliza swali la pili?

Mfungo ukaingia. Daktari alikuwa amenikataza kufunga, na kwa damu ile nilikuwa najihesabu sijatoharika. Mwanamke huacha kufunga siku zake chache, anazilipa baadaye, na hakuna anayemuuliza. Mimi siku zilifika kumi na moja, kumi na mbili. Mama hakuuliza. Alihesabu. Mchana nilikuwa nakuta jikoni bakuli la uji limefunikwa kawa. Kila siku nililitazama kabla ya kula. Hii ni huruma, au ni mtego wa kuhakikisha kwamba bado sifungi? Nilikula uji wa mama yangu kwa wasiwasi, na hilo ndilo jambo ninalolionea haya kuliko damu yenyewe.

Mwenzangu, kama uko mahali hapo sasa, jua kwamba damu inapopungua hata akili inakosa chakula. Nilimshuku kila mtu. Niliandika kwenye simu orodha ya wanaojua na wanaoweza kujua. Mjomba Sefu alikuwa wa kwanza, nimempigia mstari.

Siku ya kumi na tatu ya mfungo, asubuhi, alikuja Bi Mwanaheri.

Bi Mwanaheri ni somo yangu. Kwetu pwani msichana akivunja ungo, si mama yake anayemfunda. Anatafutiwa mwanamke wa kumfundisha mambo ya mwili na adabu zake, na huyo ndiye anakuwa somo yake maisha yote. Mama na binti wana haya kati yao, na somo anapita pale ambapo wao hawawezi kupita. Ana miaka sitini na mitatu, mfupi, sauti ya kuuza samaki. Nilipomwona anavua viatu mlangoni nilijua ametumwa.

Alifunga mlango wa chumba. Nje, uani, mama alianza kupepeta mchele kwenye ungo kwa kelele nyingi, ili tujue kwamba hasikilizi.

"Mama yako kanituma nikuulize mimba ni ya nani," alisema. "Mwezi mtukufu wote huu natumwa maulizo ya namna hii. Haya, fungua kanga nikuone."

"Somo, sina mimba."

"Nimesema nikuone. Sijasema unieleze."

Nililala chali. Viganja vyake vilikuwa vya moto na vikavu. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, macho ameyafumba, kama anayetafuta kitu gizani kwenye kabati lake mwenyewe. Kisha akaishusha fulana yangu kwa upole.

"Hiki si mtoto. Mtoto hakai vipandevipande." Akauona mkono wangu, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa cheupe kama cha maiti. "Rukia. Unatoka damu tangu lini?"

Nikalia. Nikamwonyesha kila kitu, pedi, udongo ndani ya soksi, karatasi ya daktari iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo. Nilipomaliza nikamwambia lile lililokuwa likinisumbua kwa wiki nyingi: "Lakini somo, kama wanadhani nina mimba, na wamesikia natafuta vidonge vya kuzuia mimba, hayo mawili yanakaaje pamoja?"

"Ndivyo nilivyomwambia mama yako. Akasema labda kusoma sana kumekuchanganya."

Tukacheka mpaka mama akaacha kupepeta.

Kisha Bi Mwanaheri akaniuliza nani amekataa. Nikamtajia wa Kiwangwa na Mjomba Sefu. Akavaa buibui lake. "Yule wa Kiwangwa simjui. Sefu namjua. Vaa."

Dukani alisalimia, akauliza hali za nyumbani mmoja baada ya mwingine, akangoja mteja wa mwisho aondoke, ndipo akasema.

"Sefu, huyu mtoto anakufa mbele yako."

Mjomba Sefu aliangalia chini. "Bi Mwanaheri, nakuheshimu. Nilimpa dawa ya damu."

"Unajaza mtungi uliotoboka."

"Nitasema nini mbele ya Mungu? Mimi sharti langu ni moja na wanalijua wote. Mwenye mume namuuzia, asiye na mume simuuzii. Sijawahi kumpindishia mtu."

"Moja tu?"

"Moja."

"Mimi nina mume?"

"Unaye. Mzee Athumani."

"Yuko hai?"

"Jana tumeswali naye tarawehe."

"Basi nipe mimi. Paketi moja."

Feni ilizunguka. Nilimwona Mjomba Sefu anatafuta kwenye kichwa chake mahali pa kusimama. Nilitamani nimsaidie, maana mimi najua hali hiyo.

"Bi Mwanaheri," alisema mwishowe, "una miaka mingapi?"

"Umri nao ni sharti? Umesema moja."

Hakucheka. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na paketi moja, akaitia kwenye bahasha ya khaki. Akaiweka mbele ya somo yangu, mbali na mimi. Kisha akamtazama yeye usoni na kusema, polepole, kama mwalimu anayesoma imla:

"Kimoja kila siku, saa ile ile. Kichwa kikiuma kuliko kawaida, au mguu mmoja ukavimba, au kifua kikabana, mtu asingoje kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo."

"Nimesikia," alisema Bi Mwanaheri. "Na mguu wangu umesikia."

Sikupata hata jicho lake. Lakini maelezo yale hayakuwa ya mwanamke wa miaka sitini na mitatu.

Damu ilikoma siku ya tano. Niliamka, nikakaa kitandani, nikangoja. Nikaenda kutazama mara nne kabla ya adhuhuri. Sikuamini mpaka Idi ilipopita. Paketi ya kwanza nilimaliza mvua za masika zikianza. Ya pili nilimaliza mtaa wetu ukiwa matope, na siku moja nilipanda ngazi bila kupumzika katikati. Katikati ya paketi ya tatu nilipita sokoni kwa mwuza udongo nikanusa vumbi tu.

Bi Mwanaheri alirudi dukani kila paketi ilipoelekea kuisha, na mji wetu ni mdogo. Barazani wanawake walimtania, "Bi Mwanaheri, unaogopa nini? Kuzaa?" Naye akajibu, "Nikizaa mtanilelea?" Alitaniwa mchana kweupe ili mimi nipone kimya. Mzee Athumani, nilisikia, alianza kutembea kifua mbele.

Mama hakuniomba radhi, nami sikutegemea. Siku moja nilikuta kwenye sahani yangu maini, na kando yake mchicha, na kando ya mchicha kanga mpya bado ina gundi. Nyeupe, na pindo jekundu. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuuliza lililokuwa la kwanza kwenye orodha yangu.

"Mama, Mjomba Sefu alikuambia lini?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba nilikwenda kwake kutafuta vidonge."

Mama aliniangalia kama ananiona naongea kigeni. "Sefu hajawahi kuniambia neno. Ni yule msichana wa Kiwangwa, shangazi yake anauza vitenge hapo mtaani. Habari ilifika kabla ya mananasi." Akatenganisha maini kwa kijiko, akaniongezea kipande. "Mimi ndiye niliyemwendea Sefu. Nikamuuliza, mwanangu alifuata nini kwako? Akasema, dawa ya mtu ni siri ya mtu. Nikamlilia. Akasema hivyo hivyo."

Basi aliyenitabasamia ndiye aliyenitangaza, na aliyenifukuza ndiye aliyenihifadhi. Nimelizungusha jambo hilo kichwani kwa miezi na bado halijakaa sawa. Uaminifu wake haukunirudishia wiki nilizomwaga damu. Kama somo yangu angekuwa mtu wa haya, au mjane, leo pengine nisingekuwa na kizazi, na mikono safi ya Mjomba Sefu isingenisaidia. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Nakushauri usifanye kama mimi, usichukue mwezi kuamua nani mbaya. Nenda chumba cha bure hospitalini hata kama jirani yako amekaa benchini. Mrudie daktari umwambie umekataliwa. Mchukue mtu mzima mwenye mdomo.

Nilipasuliwa kipupwe, Dar es Salaam. Damu ilikuwa kumi na nukta mbili. Daktari alinionyesha picha ya vivimbe kwenye simu yake, vitano, na kusema kizazi kipo. Alisema hivyo mara mbili, yeye asiyependa kurudia.

Kidonda kilipofunga nilikwenda kwa Mjomba Sefu kununua pamba na spiriti. Aliinuka kwenye kigoda kunipokea.

"Marahaba, marahaba. Naona umerudi na rangi yako."

"Mjomba, nikuulize?"

"Uliza."

"Ningekuja leo mwenyewe, na karatasi ile ile, ungeniuzia?"

Alifunga pamba yangu kwenye gazeti, akakunja pembe zote nne. "Nisingekuuzia," alisema. Hakuomba radhi, wala hakujitetea. Kisha, alipokuwa ananikabidhi, akaongeza: "Msalimie somo yako. Alikuja Jumatatu akachukua paketi zake mbili. Mwambie nimeagiza nyingine, zisije zikakatika."

Mimi nilikuwa nimemeza kidonge cha mwisho zaidi ya miezi miwili nyuma.

Nilisimama kibarazani na kifurushi changu. Nilijua wasichana wote wa mtaa ule waliowahi kufundwa na Bi Mwanaheri. Ningeweza kuwapanga, nani amekonda, nani hafiki mwisho wa ngazi, nani anageuka nyuma akiinuka. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kwa kichwa kama changu, na simu nilikuwa nayo mkononi.

Niliirudisha mfukoni, nikaenda nyumbani. Ile kanga nyeupe ilikuwa imeshakauka kwenye kamba.